Kabla ya kutuma maombi, uliza wanakula wapi

Watu wanaoanzisha kampuni huniuliza swali moja kwa namna nyingi: niende kituo atamizi, kinacholea biashara changa kwa ofisi na huduma, au niombe akselereta, programu fupi ya kuikuza kampuni kwa kasi? Wengi huwa wameshafungua kurasa za pande zote mbili, wamelinganisha nani anatoa ofisi, nani anatoa washauri na nani anatoa fedha, na wamechanganyikiwa kuliko walipoanza, maana kurasa hizo zinaahidi mambo yaleyale. Washauri wabobezi. Mafunzo. Mtandao wa wawekezaji. Familia ya wajasiriamali. Ukifuta majina huwezi kujua ipi ni ipi.

Nami hujibu kwa swali: hao unaotaka kuwaomba, wao wenyewe wanakula wapi? Pango lao linalipwa na nani? Mshahara wa meneja wa programu unatoka mfuko gani? Mtu akishapata jibu la hilo, sehemu kubwa ya swali lake la kwanza huwa imekwisha, kwa sababu programu yoyote, hata iwe na nia njema kiasi gani, itakusukuma kuelekea kule inakopata riziki yake.

Tazama zilivyozaliwa. Kituo kinachotajwa mara nyingi kuwa atamizi ya kwanza ya biashara kilifunguliwa mwaka 1959 huko Batavia, mji mdogo katika jimbo la New York. Kampuni ya mashine za kilimo ya Massey-Harris ilikuwa imefunga kiwanda chake na kuacha watu bila kazi na jengo kubwa likiwa tupu. Familia ya Mancuso ikalinunua. Joseph Mancuso, aliyepewa jukumu la kulijaza, hakumpata mpangaji mmoja wa kulichukua lote, akaligawa vipande na kupangisha biashara ndogondogo, mojawapo ikiwa ya kutotoa vifaranga. Biashara ndogo ikifa, kodi nayo imekufa. Kwa hiyo akaanza kuzisaidia zisife: ushauri, huduma za ofisi za kuchangia, msaada wa kutafuta mtaji. Wema ulikuwepo, sina shaka, lakini wema huo ulikuwa na jengo la kulipia.

Akselereta ilikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 2005, huko Cambridge, Massachusetts, Paul Graham, Jessica Livingston, Robert Morris na Trevor Blackwell walianzisha Y Combinator. Fedha walikuwa nazo. Uzoefu wa kuwekeza kwenye kampuni za watu wengine ndio waliokuwa wakiutafuta, wakaamua kwamba njia ya haraka ya kujifunza ni kuwekeza katika kampuni nyingi kwa mpigo katika kipindi kimoja cha kiangazi. Zikaingia kampuni 8. Kila mwanzilishi akapewa dola elfu chache za kuishi na kufanyia kazi, na Y Combinator ikachukua takriban asilimia 6 ya hisa za kila kampuni. Techstars ikafuata kule Boulder, Colorado, na kundi lake la kwanza likaingia mwaka 2007. Hapa hakuna jengo la kujaza wala mpangaji wa kutunzwa. Kuna hisa, na tumaini kwamba katika kundi zima moja mbili zitakua kiasi cha kufidia zote zilizobaki.

Ukiyaweka hayo mawili sambamba utaona kwa nini ushauri unaotoka pande hizo hauwezi kufanana. Kampuni inayokua polepole, inayolipa mishahara kwa wakati na kuwalisha waanzilishi wake kwa miaka 20 ni fahari ya kituo atamizi. Picha yake itatundikwa ukutani. Kwa akselereta, kampuni hiyohiyo ni hisa zilizolala. Haiwezi kuuzwa kwa bei ya kutisha, haiingii soko la hisa, hairudishi fedha za mfuko. Hakuna atakayekutukana kwa hilo, ila simu zako zitapokelewa kwa kuchelewa.

Sasa tuhesabu, maana kwenye hisa ndiko watu wanakosoma kwa haraka mno. Tangu mwaka 2022 Y Combinator huipa kila kampuni dola 500,000 kwa mafungu mawili. La kwanza ni dola 125,000 kwa asilimia 7. Hilo ndilo linalotajwa mitaani, na ndilo watu wanalolikumbuka. Fungu la pili ni dola 375,000 kupitia mkataba wa SAFE usio na ukomo wa thamani, yaani usiotaja kiwango cha juu cha thamani ya kampuni cha kuhesabia hisa za mwekezaji. SAFE ni mkataba ambao Y Combinator yenyewe iliuleta mwaka 2013: mwekezaji anatoa fedha leo, anapata hisa baadaye pale kampuni itakapouza hisa kwa bei rasmi, na katikati hapo hakuna riba wala tarehe ya kulipa deni. Fungu hilo la pili lina kipengele kinachosema kwamba masharti mazuri zaidi utakayompa mwekezaji mwingine wa SAFE kabla ya raundi hiyo rasmi, nao wanayapata.

Maana yake ni nini kwenye karatasi? Tuseme umemaliza programu, na mwekezaji wa kwanza baada ya hapo anakubali kuingia kwa ukomo wa thamani wa dola milioni 10. Zile dola 375,000 zinageuka kuwa asilimia 3.75. Ongeza 7 za mwanzo, umeshatoa asilimia 10.75 kwa programu peke yake. Kama mwekezaji huyo amekubana na ukomo ni dola milioni 5, fungu la pili linakuwa asilimia 7.5, na jumla inafika asilimia 14.5. Na SAFE za toleo la mwaka 2018, ambazo ndizo zinazotumika sana siku hizi, zimeandikwa kwa namna ambayo kila SAFE mpya unayosaini inakata kwenye fungu la waanzilishi. Wenye SAFE za awali hawapunguziwi kitu mpaka raundi rasmi ifike. Nimeona watu wenye akili nyingi wakisaini SAFE tano kwa wawekezaji tofauti na kushtuka siku ya kutengeneza jedwali la wanahisa. Hakuna aliyewadanganya. Kila karatasi peke yake ilionekana ndogo.

Techstars, kwa masharti iliyotangaza mwaka 2024, hutoa dola 220,000: dola 20,000 kwa asilimia 5, na 200,000 kwa SAFE ya aina hiyo ya kufuata masharti bora. Ukipiga hesabu ya fungu la kwanza tu, kampuni yako yote inakuwa na thamani ya dola 400,000, na hapo ndipo watu huruka kwenye kiti. Nayo akselereta nyingine, 500 Startups, kwa miaka kadhaa, ilitoa dola 150,000 kwa asilimia 6, kisha ikatoza ada ya programu ya dola 37,500, kwa hiyo kilichobaki kufanyia kazi kilikuwa dola 112,500. Hakuna lililofichwa, yote yalikuwa hadharani. Lakini mtu aliyekuja akilinganisha namba kubwa zilizoandikwa juu ya ukurasa hakuwa analinganisha kitu na kitu.

Je, ni ghali? Graham ana hesabu yake ya kujibu hilo, na ni hesabu nzuri: ukitoa asilimia 7, unabaki na 93, kwa hiyo programu inajilipa ikiwa itaongeza thamani ya kampuni kwa zaidi ya asilimia 7.5 hivi. Kiwango hicho ni kidogo sana. Barua pepe moja ya utambulisho kwa mwekezaji sahihi inaweza kukivuka. Mimi naikubali hesabu hiyo kwa sharti moja, kwamba uwe kweli unataka kucheza mchezo wa thamani. Mtu ambaye ndoto yake ni kampuni ya watu kumi na wawili yenye wateja waaminifu na faida ya kugawana kila mwaka hawezi kuitumia, kwa sababu hakuna siku ambayo thamani hiyo itageuzwa kuwa fedha. Yeye amelipa kwa hisa ambazo zinamdai mauzo au soko la hisa, mambo mawili ambayo hakuyapanga. Bei kubwa ya akselereta kwangu mimi ni hii ya njia: ukishaingia, njia ya biashara ndogo nzuri inafungwa nyuma yako taratibu, kwa heshima zote, bila mtu yeyote kupiga komeo.

Watafiti wanaochunguza programu hizi huitambua akselereta kwa alama nne: muda maalumu, kundi linaloingia na kutoka pamoja, mafunzo na ulezi, na mwishoni siku ya kujinadi mbele ya wawekezaji. Muda mara nyingi ni miezi mitatu hivi. Watu wanaposoma orodha hiyo hutamani washauri na siku ya kujinadi. Ningeweka uzito kwenye muda na kundi. Kuwa na tarehe isiyosogezeka, na kuwa na watu wengine kando yako ambao wiki iliyopita walikuwa sawa na wewe na wiki hii wameongeza wateja maradufu, kunamfanyia mtu jambo ambalo hakuna mshauri anaweza kulifanya. Unaacha kupamba nembo. Unaacha kubishana juu ya rangi ya kitufe. Unampigia mteja simu.

Mfano unaosimuliwa sana ni wa Airbnb, tovuti ya kupangisha wageni nyumba za watu, iliyoingia Y Combinator mwanzoni mwa mwaka 2009. Tovuti ilikuwepo, na wateja walikuwepo ila wachache, wengi wao wakiwa New York, huku waanzilishi wakiwa California. Graham akawauliza wanafanya nini huku wakati wateja wako kule. Wakapanda ndege, wakabisha hodi, wakapiga picha nzuri za nyumba za watu, wakarudi na kupeleka tena. Ukilichambua tukio hilo, ushauri wenyewe haukuwa na siri yoyote. Angeweza kuutoa shangazi yako. Kilichofanya kazi ni kwamba kulikuwa na kitu tayari cha kusukumwa, na mtu wa kusukuma, na saa inayokwenda.

Kutokana na hapo ningeweza kukwambia kirahisi kwamba akselereta ni ya wenye bidhaa na wateja, atamizi ni ya wenye wazo. Utaisoma kanuni hiyo kila mahali. Inanisumbua, kwa sababu kundi lile la kwanza kabisa la 2005 linaivunja. Steve Huffman na Alexis Ohanian walikuja na wazo la kuagiza chakula kwa simu ya mkononi. Likakataliwa. Kisha wakaitwa warudi, mradi wabadilishe wazo, na walichojenga ndicho kikawa Reddit, tovuti ya mijadala. Hawakuwa na mteja hata mmoja wa kitu ambacho hakikuwa kimebuniwa. Walichaguliwa watu. Ila usije ukajipa moyo kupita kiasi kwa kisa hicho. Wakati ule jina la programu halikuwa na uzito wowote, na leo maombi hufika kwa maelfu kwa maelfu katika kila kundi.

Kanuni ninayoitumia badala ya hiyo inahusu swali linalokukwamisha sasa hivi. Je, linaweza kujibiwa ndani ya miezi mitatu? "Watalipia?" linajibika. "Wataendelea kutumia baada ya mwezi wa kwanza?" linajibika. "Tuuze kwa kampuni kubwa au kwa mtu mmojammoja?" linajibika, tena akselereta ni mahali pazuri mno pa kulijibu. Lakini "dawa hii inafanya kazi mwilini?" halijibiki, na "betri hii itastahimili mizunguko elfu mbili ya kuchajiwa?" halijibiki, hata ukiwekewa washauri mia.

Upo utafiti mmoja, uliochapishwa mwaka 2020 ukihusu kampuni za teknolojia, ambao watu wa akselereta hawapendi kuutaja ukumbini, ingawa mimi naona unawasifu. Ulilinganisha kampuni zilizopitia akselereta na zinazofanana nazo ambazo hazikupitia. Zilizopitia zilifungwa mapema zaidi, tena mara nyingi zaidi, na zikiwa zimekusanya fedha kidogo. Msomaji wa haraka atasema basi programu zinaua kampuni. Tafsiri ya mtafiti ni kwamba waanzilishi hupata ukweli kuhusu wazo lao upesi, wakaacha kabla ya kuteketeza miaka na akiba za ndugu. Kama unaona kujua mapema kwamba wazo lako halifai ni faida, akselereta inakufaa hata ikikuangusha. Kama unaona ni balaa, fikiri tena.

Vituo atamizi navyo havifanani, na tofauti zake zinaeleweka ukiuliza lilelile swali la riziki. ATDC ya Georgia Tech, iliyoanza mwaka 1980, ipo chini ya chuo kikuu cha umma, na jimbo linataka ajira zizaliwe nyumbani. Vituo vya Shirika la Anga za Juu la Ulaya hulea kampuni kwa hadi miaka 2 bila kuchukua hisa, kwa kuwa shirika linataka teknolojia yake ya anga itumike duniani. JLABS, ya Johnson & Johnson, hupangisha maabara kwa kampuni changa za sayansi ya tiba bila kudai hisa wala haki ya kununua, na watu huuliza, kwa nini kampuni kubwa ya dawa iwe mkarimu hivyo? Inakula kwingine. Kuwa karibu na sayansi mpya kabla ya washindani wako kunatosha kulipia meza na hadubini. Sioni ubaya wowote hapo. Ninachotaka ni wewe ujue kwa nini umekaribishwa.

Kwa vitu vinavyohitaji maabara, vibali au mashine za bei mbaya, atamizi mara nyingi ndiyo njia, tusidanganyane. Akselereta za vifaa na za baiolojia zimekuwepo kwa miaka mingi sasa. HAX ilianza 2012 ikapiga kambi Shenzhen ili waanzilishi wawe hatua chache kutoka kwa watengenezaji wa vipuri, na IndieBio huko San Francisco ina maabara zake. Zinafanya kazi nzuri. Lakini hata hizo mara nyingi huanza pale ambapo sayansi yenyewe imeshasimama kwa miguu yake.

Udhaifu wa atamizi ni kwamba hakuna anayekwambia acha. Kodi ni nafuu, intaneti ni ya bure, mkurugenzi anakujua kwa jina, na kila robo mwaka kuna wageni wa kutembezwa. Mfadhili akitaka ripoti yenye idadi ya kampuni zinazolelewa, wewe ni moja katika idadi hiyo, kwa hiyo kufa kwako ni hasara ya kitakwimu. Nimewajua watu waliokuwa na kampuni kwa miaka bila kumuuzia mtu yeyote chochote, wakihama kutoka shindano hadi shindano, warsha hadi warsha, wakiwa na kabati la vyeti. Ni watu wachangamfu. Wanajua kujinadi kuliko wewe na mimi.

Chile ilitupa somo la nadra kuhusu hili. Mwaka 2010 serikali yake ilianzisha Start-Up Chile, ikawapa waanzilishi kutoka nchi mbalimbali dola 40,000 bila kuchukua hisa, pamoja na viza na mahali pa kufanyia kazi. Baadhi yao walichaguliwa kuingia katika sehemu ya ziada yenye mafunzo, malengo ya kufuatiliwa na watu wa kuwawajibisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukalinganisha makundi hayo. Waliopata fedha na meza tu hawakuonyesha mafanikio yanayoweza kuhusishwa na programu. Waliopata fedha, meza na ile sehemu ya kuwajibishwa ndio waliosonga mbele. Kila nikisikia mtu anasifu kituo kwa viti vyake vya kisasa na mashine ya kahawa, huwa nawakumbuka hao wa kundi la kwanza.

Kuna jamaa wa tatu wa kupitia haraka: akselereta za kampuni kubwa, benki au za simu. Zinakula kwa kampuni mama. Zinafaa sana ikiwa unataka kampuni mama iwe mteja wako na ukapewa mtu wa ndani mwenye mamlaka ya kununua. Bila mtu huyo ni matangazo yao kwa jasho lako, na akibadilika mkurugenzi mkuu programu huondoka naye.

Majina mlangoni hayakusaidii. Nimeona mahali panapojiita akselereta ambapo kampuni zimekaa miaka mitatu, na nimeona "atamizi" inayochukua hisa na kukutoa baada ya wiki kumi na mbili. Omba mkataba kabla hujakubali nafasi, sio siku ya kusaini. Zungumza na waliopita, na usiishie kwa wale wawili waliowekwa kwenye tovuti. Watafute ambao kampuni zao zimekufa, kwa sababu hao hawana cha kulinda. Waulize mshauri aliyetangazwa walikutana naye mara ngapi hasa. Waulize nani alipokea simu zao mwaka mmoja baada ya programu kuisha. Na kama mahali panakudai ulipe ili ujinadi mbele ya wawekezaji, ondoka. Anayekula kwa ada zako hahitaji kampuni yako ifanikiwe. Anahitaji mwombaji mwingine kesho.

Kwa atamizi za vyuo, kifungu cha kusoma mara mbili ni cha haki za ubunifu. Ukitumia mashine zao, hataza itakuwa ya nani? Mwanafunzi wao akikusaidia kuandika programu, msimbo ni wa nani? Mwekezaji wa baadaye ataliuliza hilo katika mkutano wa kwanza, na "tulielewana kwa mdomo" halitoshi. Kwa akselereta, kifungu cha namna hiyo ni cha usajili. Baadhi hutaka kampuni iwe imesajiliwa Marekani, au sehemu chache nyingine kama Singapore na Cayman, na kuhamisha kampuni huja na kodi, mawakili, na mahesabu ya nchi mbili kila mwaka. Kurudi nyuma baada ya kuhama ni ghali kuliko kuhama. Muulize mhasibu kabla hujamuuliza mshauri wa programu, kwa kuwa huyo wa pili ameshajua angependa ujibiwe nini.

Na wapo wasiohitaji popote. Ukiwa na mteja anayelipa, gharama ndogo na swali ambalo unaweza kulijibu kwa kumpigia mteja huyo simu, kujaza fomu za maombi ni njia ya heshima ya kuahirisha kazi. Ingawa nikiri kwamba fomu yenyewe, ile inayokutaka useme kwa sentensi moja unachofanya na nani anakilipia, nimewahi kuipendekeza kwa watu ambao sikutaka kabisa waitume.

Rafiki yangu mmoja na mwenzake wanatengeneza kifaa cha kupima ubora wa maji kinachoachwa ndani ya tangi au mtoni. Walikubaliwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, akselereta na atamizi ya chuo, wakaja kuniuliza. Kifaa chao kilikuwa kinasoma vizuri siku za mwanzo, kisha utando unaota juu ya kihisi na namba zinaanza kudanganya. "Miezi mitatu inatosha kulimaliza hilo?" nikauliza. Akacheka. Utando wenyewe ulikuwa ukichukua wiki nyingi kuota, na wa msimu wa mvua haukuwa sawa na wa kiangazi. Wakaenda chuoni, wakakataa kwanza kifungu cha hataza, chuo kikakirekebisha baada ya barua za kwenda na kurudi, wakapewa matangi ya majaribio na mkemia wa kuzungumza naye.

Utando wameushinda. Sasa swali lililobaki ni kama mamlaka za maji zitakubali kulipia takwimu kila mwezi au zitataka kununua kifaa mara moja na kwenda zao, na hilo, kwa maoni yangu, linajibika ndani ya miezi mitatu ukiwa na mtu wa kukufungulia milango. Rafiki yangu ameshaandika nusu ya maombi ya akselereta. Mwenzake amepiga hesabu ya SAFE kwenye jedwali, kwa ukomo wa milioni 5 na wa milioni 10, na anasema afadhali waombe kandarasi ya majaribio kwa mamlaka moja, wajibiwe swali hilo wakiwa na hisa zao zote. Mara ya mwisho kuzungumza nao walikuwa bado wanabishana, na kila mmoja amenitumia jedwali lake niamue.